Mashine Isikilizayo Ubongo

Jioni ya leo, wasikilizaji wangu, nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu hamjaliona kwa macho, na baadhi yenu mmelisikia kwa uvumi tu, na uvumi huo si mzuri. Husemwa ya kwamba katika hospitali kubwa na vyuo vya elimu iko mashine ambayo mtu hufungwa nyuzi zake kichwani, kisha ikaandika mambo yaliyomo ndani ya ubongo wake. Wengine huongeza ya kuwa mashine hiyo humtoa mtu siri zake zote. Wengine husema humpiga umeme. Na wako wanaoapa kwamba hufyonza akili, na yule atokaye humo hawi tena kama alivyoingia.

Tuseme basi, umeletewa habari nyumbani kwako ya kuwa madaktari na wanafunzi wa elimu ya ubongo wanatafuta watu wa kushiriki katika uchunguzi wao. Hawataki wagonjwa peke yao, wawataka na wazima, maana asiyejua mwendo wa ubongo mzima hawezi kuutambua ulio mgonjwa. Watakuomba ukae kitini muda wa saa moja au mbili, umevikwa kofia yenye nyuzi. Je, utakubali? Nadhani swali la kwanza la mtu mwenye busara ni hili: mashine hii itanitia nini, nayo itanitoa nini? Swali hilo ni la haki, nami nitajitahidi kulijibu kwa kadiri ya muda nilio nao.

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba umeme haukuanza katika mitambo ya wanadamu. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika amjua yule samaki wa jamii ya kambare ambaye akiguswa hutetemesha mkono mzima mpaka begani. Samaki huyo hana betri wala waya. Umeme wake hutengenezwa na mwili wake mwenyewe. Nasi pia tunao, ila wetu ni mdogo mno. Moyo hupiga kwa sababu ya umeme upitao katika nyama yake. Mkono hukunjika kwa amri iletwayo na mshipa wa fahamu, na amri hiyo husafiri kwa umeme. Mji mkuu wa mambo haya ni ubongo, wenye chembe za fahamu zipatazo milioni elfu 86, kila moja ikipelekeana habari na nyingine.

Mkitaka kujua udogo wa umeme huo, chukueni betri moja ya tochi. Betri hiyo ina nguvu ya volti moja na nusu. Umeme wa ubongo ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa huwa kama mikrovolti 50, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya volti iliyogawanywa mara milioni. Kwa hesabu hiyo, mtu akitaka kupata nguvu ya betri moja ya tochi, ingempasa kukusanya vichwa 30,000 na kuviunganisha kama betri ziunganishwavyo. Basi anayeogopa kwamba kichwa chake kitawasha taa za hospitali na aondoe hofu.

Chembe moja peke yake haisikiki kabisa nje ya fuvu. Lakini maelfu kwa maelfu zikifanya kazi kwa pamoja, kama wapiga makasia wanaovuta kwa wimbo mmoja, ndipo sauti yao hufika pwani. Mashine ninayoizungumzia haifanyi ila kusimama pwani na kusikiliza wimbo huo. Hutega visahani vidogo vya madini juu ya ngozi, ikapokea umeme ule hafifu, ikaukuza mara nyingi sana, kisha ikauandika kwa mistari inayopanda na kushuka. Maandiko hayo wataalamu huyaita elektroensefalogramu. Jina ni refu, nami sitalirudia. Nitasema maandiko ya ubongo.

Mtu wa kwanza kuyapata maandiko hayo kwa mwanadamu alikuwa daktari wa Kijerumani, Hans Berger, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Jena. Kabla yake, mwaka 1875, Richard Caton wa Liverpool huko Uingereza alikuwa amekwisha kuona umeme katika bongo za sungura na za kima, walakini ilimbidi kufungua fuvu na kuugusa ubongo wenyewe. Berger alitaka kulipata jambo lile lile kwa mtu aliye hai, bila kumtoboa.

Kisa cha Berger ni cha ajabu kidogo. Alipokuwa kijana akitumika jeshini, farasi wake alimwangusha, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku ile ile akapokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake ya kumuuliza hali, kwa kuwa dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali, alishikwa na hofu ya ghafula kwamba ndugu yake amepatwa na baya. Tangu hapo Berger alishika moyoni wazo ya kuwa fikira za mtu zaweza kusafiri mpaka kwa mtu mwingine, na akakusudia kuitafuta nguvu iletayo jambo hilo. Miaka mingi alifanya kazi yake kwa siri. Mwaka 1924 ndipo alipopata alama za kwanza, kwa kijana mmoja ambaye wapasuaji walikuwa wameondoa kipande cha fuvu lake. Baadaye akapima watu wenye fuvu zima, na miongoni mwao alikuwamo mwanawe mwenyewe, Klaus, aliyekaa kitini mara nyingi. Hata hivyo Berger hakutangaza neno mpaka mwaka 1929.

Aliyoyaona ni haya. Mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi huenda kwa mpigo wa sawasawa, kumi hivi kwa kila sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi yale makubwa hupotea, na mahali pake huja madogo madogo ya haraka. Labda utashangaa, maana ungedhani ubongo wenye kazi ndio utakaotoa mawimbi makubwa zaidi. Lakini wakumbuke wale wapiga makasia. Wakiwa safarini huimba pamoja, na wimbo wao husikika mbali. Wakifika bandarini kila mmoja hushika shughuli yake, huyu ashusha mzigo, yule afunga kamba, mwingine aita mpokezi, na wimbo huvunjika. Kazi haikupungua, bali imekuwa nyingi, ila hawaifanyi tena kwa sauti moja.

Wataalamu wengi hawakumsadiki Berger, mpaka mwaka 1934 ambapo Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipolijaribu jambo hilo na kuliona kuwa kweli. Adrian alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Nobel miaka miwili kabla, na alivikwa visahani yeye mwenyewe. Tena, pamoja na maandiko ya kichwa cha profesa, walichapisha maandiko ya mdudu mmoja wa majini, ambayo yalifanana nayo kwa kiasi cha kuchekesha.

Na ile nguvu ichukuayo fikira kutoka mtu hata mtu? Berger hakuipata. Naomba mlikumbuke neno hili, kwa maana mtu wa kwanza kuitumia mashine hiyo kwa wanadamu alitamani sana isome mawazo, nayo haikusoma.

Sasa turudi kwako wewe uliyeitwa. Siku ya kwenda yakupasa kuosha nywele zako vizuri na kuziacha bila mafuta wala dawa ya nywele, kwa kuwa mafuta huzuia umeme. Kula chakula chako kama desturi, na usiku uliotangulia ulale, isipokuwa umeambiwa vingine. Kama unatumia dawa za daktari usiziache kwa shauri lako mwenyewe; waambie tu unatumia dawa gani.

Ukifika utapimwa kichwa kwa utepe kama ule wa fundi cherehani, kutoka juu ya pua mpaka nundu ya kisogoni, na tena kutoka sikio hata sikio. Vipimo hivyo hugawanywa kwa sehemu 10 na sehemu 20 katika kila mia, na mahali hapo ndipo visahani huwekwa. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 1958 na sasa hufuatwa duniani kote, ili kichwa kilichopimwa Kampala kiweze kulinganishwa na kilichopimwa Jena. Hospitalini visahani huwa 21 au karibu yake. Katika uchunguzi wa elimu huwa 32, au 64, au 128, navyo hushonwa katika kofia ya kitambaa inayobana kidogo.

Hapo huja jambo ambalo limewatisha wengi. Mpimaji atashika bomba la sindano na kukusogelea kichwani. Usikimbie! Ncha yake ni butu, nayo haiingii katika ngozi. Kazi yake ni kupenyeza chini ya kila kisahani ute mzito wenye chumvi, unaofanana na uji wa mhogo uliopoa, ili umeme upate njia ya kupita. Utasikia baridi, na pengine kukwaruzwa kidogo, basi.

Katika habari ya nywele nina manung'uniko, nami nitayasema. Kofia hizi zilibuniwa na watu wenye nywele laini zilalazo kichwani, na kwa miaka mingi hapakuwa na aliyefikiri juu ya nywele zetu nzito zenye kusokotana, ambazo hukiinua kisahani kisiguse ngozi. Matokeo yake ni kwamba huko Marekani na Ulaya watu wenye asili ya Kiafrika wameachwa nje ya uchunguzi mara nyingi, au maandiko yao yametupwa kwa kuwa hayasomeki. Mtu aweza kusema hilo ni jambo dogo la usukani. Si dogo. Elimu ya ubongo wa wanadamu iliyokusanywa kwa kuwaacha wanadamu wengine mlangoni ni elimu pungufu, na dawa na hukumu zitokazo humo zitakuwa pungufu pia. Namsifu kijana mmoja mwanamke, Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Yeye na wenzake walitoa mwaka 2020 habari ya njia yao: nywele husukwa mistari iliyonyooka, kama mtindo ule tuuitao twende kilioni, ikiacha wazi mahali pa vipimo, kisha kibanio maalumu huchomekwa chini ya misuko na kukikandamiza kisahani kwenye ngozi. Wasusi wetu wangaliweza kuwafundisha jambo hilo zamani, lau wangaliulizwa.

Visahani vikiisha kuwekwa, utaonyeshwa mistari yako ikitembea juu ya kioo cha kompyuta. Mpimaji atakuambia, “Uma meno.” Utauma, na mara mistari yote itaruka kama mchanga uliopigwa na upepo. Atakuambia upepese macho, na mistari ya mbele itapanda mlima na kushuka. Hapo hakuna habari ya ubongo hata kidogo. Ni misuli ya taya na mwendo wa macho, ambavyo umeme wake huufunika ule wa ubongo kama kelele za soko zifunikavyo mnong'ono. Ndiyo sababu utaombwa ukae kimya, ulegeze mabega, usitafune, usicheke. Simu yako ya mkononi itaachwa nje.

Kisha kazi yenyewe. Aina zake ni nyingi, nitaieleza moja. Utasikia sauti mbili, moja nene inayokuja mara nyingi, nyingine nyembamba inayokuja mara chache, nawe utaambiwa uzihesabu zile nyembamba. Kila ijapo ile adimu, ubongo wako hutoa wimbi maalumu, baada ya sehemu tatu hivi za sekunde iliyogawanywa kwa kumi. Lakini wimbi hilo ni dogo, limezama katika mawimbi mengine yasiyo na habari nalo. Litaonekanaje? Mpimaji huchukua sehemu zote za maandiko zilizofuata sauti adimu, huziweka moja juu ya nyingine, akatafuta wastani wake. Mawimbi yanayokuja ovyo hukatana yenyewe kwa yenyewe, haya yakipanda na yale yakishuka, lakini lile lijalo kwa saa ile ile kila mara hubaki. Kwa ajili hii sauti zitarudiwa mara mamia, nawe utaona uchovu.

Sitawaficha, kazi hii huchosha. Adui mkubwa wa mshiriki ni usingizi. Chumba ni kimya, kiti ni chema, sauti ni zile zile. Mawimbi yale kumi kwa sekunde yataanza kufifia, na polepole yataingia mengine ya mwendo wa pole, na mpimaji aliye chumba cha pili atajua kuwa unasinzia kabla ya kichwa chako kuinama. Usione haya. Mwambie umechoka, nawe utapewa nafasi ya kupumzika na kunywa maji.

Je, hatari ipo? Mashine hii haikutii umeme, yapokea tu. Ute na gundi huweza kuwasha ngozi ya watu wachache. Iko hatari moja ya kutajwa. Katika vipimo vingine mtu humulikwa taa ya kumeta-meta, au huambiwa apumue kwa nguvu kwa muda wa dakika tatu, na mambo hayo huweza kumwangusha mtu mwenye asili ya kifafa. Hospitalini hufanywa kwa makusudi, mbele ya daktari. Basi kama umepata kuanguka, au katika ukoo wenu yuko mwenye kuanguka, sema kabla ya kuketi. Kuficha hapo ni kujidhuru mwenyewe.

Na siri zako? Mfano wake ni huu. Wewe umekaa kwenu usiku, na ng'ambo ya kilima kuna ngoma. Kwa mlio wake waweza kujua kama ni ngoma ya harusi au ya unyago, kama watu wamechangamka au wamechoka, na saa walipoacha. Lakini huwezi kujua ni nani aliyemkonyeza nani, wala mama wa bibi arusi amesema nini sikioni mwa jirani yake. Mashine hii iko ng'ambo ya kilima. Hujua kama umelala au u macho, kama umesikia sauti, kama sehemu moja ya ubongo yaenda vibaya. Siku hizi, kwa msaada wa kompyuta, wataalamu wamemwezesha mtu aliyepooza kuchagua herufi kwa kukaza fikira zake juu yake. Lakini huyo mwenyewe ndiye atakaye, naye hufundishwa, na herufi huja kwa taabu moja moja. Jina la mtu unayemchukia, au mahali ulipofukia fedha zako, mashine hiyo haisomi.

Mtaniuliza, faida yake ni nini basi, ikiwa yajua machache hivyo? Machache hayo yamewaokoa wengi, hasa katika ugonjwa wa kifafa. Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa watu milioni 50 hivi wana kifafa, na karibu wanane katika kila kumi wako katika nchi zisizo tajiri. Kwetu ugonjwa huu umeitwa mapepo, umeitwa laana. Tena watu huogopa povu la mgonjwa, wakidhani laambukiza, hata wako watoto walioanguka motoni na waliokuwapo wakasita kuwagusa. Mwaka 1935 madaktari wa Boston huko Marekani, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox, walionyesha maandiko ya ubongo wa watu wenye kifafa cha namna moja isiyo ya kuanguka: mtu hukodoa macho kwa sekunde chache, haitiki, kisha huendelea kama kwamba hapakuwa na neno. Katika sekunde zile maandiko yake hujaa mawimbi makubwa yenye ncha kali, matatu kwa kila sekunde, halafu hukoma ghafula. Nyinyi walimu mnaonisikiliza, fikirini ni watoto wangapi wamepigwa fimbo kwa kosa la kukodolea macho ukuta wakati wa somo, na kumbe dakika ile hawakuwa na uwezo wa kusikia hata majina yao. Nami sijitoi katika idadi ya walimu hao.

Hata hapa kwetu mashine hii imefanya kazi, nayo ya maana. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti wa afya kilichoanzishwa mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 madaktari wa hapo waliwapima watoto walioletwa wamezimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Wengine degedege yao ilikuwa imekwisha. Mtoto ametulia, mama akashukuru, akidhani mwanawe sasa amelala. Lakini visahani vilipowekwa, mistari ilionyesha kwamba baadhi ya watoto wale waliotulia walikuwa bado katika degedege ndani ya ubongo. Kwa nje dalili zilikuwa ndogo sana: jicho limeelekea upande mmoja, kidole chatikisika, pembe ya mdomo yacheza, pumzi si za sawasawa. Tangu hapo daktari mwangalifu amtazama mtoto wa namna hiyo kwa macho mengine. Na elimu hiyo ilipatikana kwa sababu akina mama wa Kilifi, katika saa ya huzuni yao, walikubali vichwa vya watoto wao vifungwe nyuzi.

Lakini nisije nikawaambia upande mmoja tu. Mashine haitoi siri, ila karatasi yake huweza kumdhuru mwenye kichwa, kama ikiangukia mikono mibaya. Mwaka 1933 serikali ya Hitler huko Ujerumani ilitoa sheria ya kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, na kifafa kilikuwamo katika orodha. Mabaraza yaliwekwa kuamua ni nani ahasiwe. Naye Hans Berger, yule yule tuliyemsifu, alitumika katika baraza la namna hiyo mjini Jena. Sioni njia ya kulipamba jambo hili. Aliyefungua mlango wa kuwasaidia watu wenye kifafa alikaa pia mahali palipowahukumu.

Baada ya mabaya ya vita ile, mataifa yaliweka kanuni za uchunguzi juu ya wanadamu, ya Nuremberg mwaka 1947, na Azimio la Helsinki la chama cha madaktari wa dunia mwaka 1964. Kwa hiyo, kabla hujavikwa kofia, ni haki yako kuelezwa kwa lugha uijuayo uchunguzi huo watafuta nini, utachukua muda gani, na maandiko yako yatawekwa wapi na kuonyeshwa nani. Kwa desturi jina lako huondolewa na kuwekwa namba. Utapewa karatasi ya idhini. Usiitie sahihi wala dole gumba mpaka umefahamu. Na kama hujui kusoma, uje na mtu unayemwamini akusomee. Mtoto huombewa idhini na mzazi wake, naye mwenyewe akiwa mkubwa wa kuelewa huulizwa pia. Ukiwa katikati ya kazi ukataka kuacha, sema, nao watakuondolea kofia bila kukuuliza sababu. Wala ukikataa tangu mwanzo usinyimwe matibabu uliyoyajia. Mtu atakayekutisha katika jambo hili, au atakayekuambia “tia sahihi tu, ni desturi,” huyo muulize ni kamati gani ya maadili iliyompa ruhusa, na uombe kumwona mkubwa wake.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni kama utapewa majibu. Uchunguzi wa elimu mara nyingi hutafuta wastani wa watu wengi, wala si ugonjwa wa mtu mmoja, na yule anayekupima pengine si daktari. Kama yakitokea maandiko yenye kutia shaka, je, utaambiwa, na utapelekwa kwa nani? Ukiambiwa kuwa maandiko yako ni mazuri, usidhani umepewa cheti cha kuwa huna kifafa, kwa kuwa ubongo wa mwenye kifafa huweza kutulia kabisa katika saa ile moja ya kupimwa. Vilevile wako watu wenye alama za ajabu katika maandiko yao ambao hawakuanguka hata mara moja maishani. Daktari mwema hutazama karatasi, lakini kwanza humuuliza yule aliyekuwapo mgonjwa alipoanguka: alianzaje, macho yalitazama wapi, mkono upi ulitangulia, ilidumu muda gani. Majirani wenye macho mazuri bado wana kazi.

Saa ikiisha, mpimaji atakufungulia ukanda wa kidevuni na kukuvua kofia taratibu. Juu ya kichwa chako patabaki ute ule, na katika paji la uso alama za mviringo mahali visahani vilipobana, ambazo zitaondoka kabla hujafika nyumbani. Omba maji ya vuguvugu na sabuni uoshe kabla ya kutoka, kwa maana ukiuacha ute hukauka na kuwa kama unga mweupe nyweleni, na watu wa njiani watakuuliza ulikuwa unasaga nini.